Kioo Nilichosahau Kufunika

Cheka, mwanangu, cheka meno yakauke. Mie sijasoma, lakini macho ninayo, na hili la Temeke sikusimuliwa na mtu. Lilinikuta nyumbani kwangu.

Nilikuwa ndani ya eda. Mume wangu Shomari tulishamzika, na vioo vyote nimevifunika khanga kama tufanyavyo sie, hata televisheni, marehemu asije akajiona akakataa kwenda. Chumba kinachotazamana na changu nikampangisha Elisante, Mchaga, fundi kompyuta. Alihamia baada ya msiba. Shomari hata kwa picha hamjui. Hilo liweke kichwani.

Basi siku moja akaja na kompyuta ya ofisini kwao. Kesho yake irudi inafanya kazi, la sivyo kibarua hana. Kaitia kitu kinaitwa Linux. Maandishi yanatoka makubwa kama ya ubao wa chuoni, yeye anayataka madogo. Ananiambia kwa kile kisauti chake cha puani, "Aisee mama, draiva ya picha haielewani na kadi." Nikamuuliza draiva gani huyo asiye na gari. Hakucheka; kumbe ni kiprogramu cha kuendesha picha kiooni. Anabadilisha, anawasha upya, kioo kinabaki cheusi tii, kinameremeta.

Magharibi ikanikuta nimesimama mlangoni kwangu namchungulia toka ng'ambo ya ukumbi, maana mwenye eda haingii kwa mwanamume. Mara Elisante, kanipa mgongo, macho kiooni, kaganda.

"Mama, huyo mzee wa kofia nyuma yako ni nani?"

Nikageuka. Hamna mtu, kigoda cha Shomari tu. Nikatazama kwenye kile kioo cheusi. Shomari kakaa pale pale kigodani, anajipapasa mifuko, kama alivyokuwaga akitafuta miwani.

Elisante akajaribu draiva nyingine. Cheusi. Shomari kasimama. Akajaribu nyingine tena. Shomari yuko mgongoni kwangu. Niamini, bega hili la kushoto likawa la baridi.

Nikamwambia azime. Akaninong'oneza, "Nikizima, mama, si ndiyo kitakuwa cheusi kabisa?"

Akaendelea kubofya mpaka draiva moja ikakubali. Maandishi yakamwagika madogo kama sisimizi, yakajaa kioo kizima. Mume wangu simwoni tena.

Asubuhi kompyuta ikaenda ofisini. Tangu hapo Shomari hajanijia hata ndotoni. Lakini Elisante kila akirudi kazini akinijulia hali ananiambia, ile kompyuta ikiwashwa, kabla maandishi hayajatoka, anapita mzee wa kofia anajipapasa mifuko. Wenzake wa ofisini, wale wa Kiingereza cha "eksikyuzi mi, bosi", jioni ikiingia hakuna anayeisogelea.

Nawe ukifiwa usifunike vile vya kujitazamia tu. Funika na hicho cha kompyuta. Mie nilikisahau kimoja, kikaondoka na mume wangu, na miwani yake ninayo hapa. Kila jioni naifuta vumbi. Sina pa kumpa.