Taa Nyekundu Uwanjani kwa Evodia

Tangu kipima hewa kitundikwe uwanjani kwake, Evodia wa Mungaa hakushikika kwa furaha. Watafiti waliotaka kujua moshi wa mashamba unachafua hewa kiasi gani walipita kijiji kizima, wakaichagua nyumba yake. Taa ya kijani, hewa safi. Nyekundu, hewa chafu. Alikitunza chombo kile kama mgeni wa heshima, na mgeni wa Evodia lazima akute uwanja umefagiliwa. Kila alfajiri alikizunguka na ufagio, akarudia na kurudia mpaka ardhi ing'ae.

Akiinua macho tu, nyekundu. Hakujiuliza mara mbili. Jirani yake ni shemeji yake Yeremia, na Yeremia alikuwa amechoma mabua ya alizeti shambani. Kwenye mkutano wa kijiji Evodia alisimama, akamsema shemeji wa watu bila huruma, kisha akaapa: "Kama siyo moshi wake, nitaufagia uwanja wake kila siku mpaka mvua zinyeshe."

Yeremia hakupita tena asubuhi kunywa uji wa mtama kama alivyozoea, na Evodia alimkosa kuliko alivyotaka kukubali. Sufuria ile ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Selina, mtaalamu wa kipimo, alipofika na bodaboda kutoka Singida Mjini, Evodia aliagiza Yeremia aitwe aje asikie mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, mtaje."

Selina alikagua vipimo kwenye simu yake. "Mabua yalichafua hewa jioni moja, mama, hilo ni kweli. Lakini hii nyekundu ya kila siku inawaka alfajiri, halafu inazimika. Alfajiri huwa mnafanya nini hapa?"

Evodia aliutazama ufagio ulioegemea ukuta, ncha zake zimejaa vumbi. Yeremia naye akautazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, Selina akaziba mdomo, dereva wa bodaboda akashindwa kabisa. Evodia aliona aibu, lakini kicheko kiliiwahi. Alikaa chini palepale panapong'aa, akifuta machozi kwa khanga.

Kesho yake alikwenda kwa Yeremia na ufagio wake. Alimkuta amesimama uwanjani, mkono mmoja ndoo ya maji, mwingine kikombe kitupu.

"Nyunyiza kwanza, shemeji," alisema Yeremia. "Uji umebaki?"