Kipa Aliyegeuza Jezi

Avelina alikuwa kipa wa timu ya wanawake ya Kihagara, na kazi yake ilikuwa kuuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Aliwaanika ufukweni, mpaka mwaka jana sehemu ile ilipozungushiwa uzio na kukabidhiwa mwekezaji. Diwani alipoulizwa alisema analifuatilia.

Mwaka huu diwani huyo aligombea tena, akatoa kombe. Asubuhi ya fainali zikaletwa jezi zenye picha yake kifuani. Avelina aliivaa kama wenzake. Lakini timu zilipopanga mstari kusalimiana na mgeni rasmi, alikuwa ameigeuza, mishono nje, picha ndani. Diwani alimpa mkono, akatabasamu, kisha akamtazama tena.

Walishinda. Hakuna aliyemuuliza kwa nini amefanya vile. Walichouliza ni nani kamtuma.

Kwenye vichanja vya kuanikia vilivyohamishiwa nje ya uzio, maongezi yalikatika kila alipofika. Mwanamke mmoja aliinua simu kama anayetafuta mtandao, kamera ikamwelekea. Akinunua kitenge, wanasema ni hela ya wapinzani. Naye akaanza kuwachunguza. Jirani akirefusha salamu, anajiuliza huyu anapeleleza nini.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata Benadetha, nahodha, ambaye alisimama naye kwenye kwaya tangu usichana, alikuwa akiwauliza watu habari zake. Mume wa Benadetha alimpigia kampeni diwani. Mwishowe kocha Ignatio aliwaita Avelina na Benadetha.

"Mdogo wangu, sema ukweli," Benadetha alianza. "Nani kakutuma?"

"Hakuna, dada. Nimefukuzwa ufukweni, halafu nibebe sura yake kifuani?"

"Na mimi nimefukuzwa. Uzio ule hata mimi unaniuma. Lakini fainali ilikuwa yetu sote. Umetuingiza kwenye jambo lako bila kutuambia."

Hilo Avelina hakuwa amelifikiria.

"Ningewaambia, mngenikataza," alisema.

"Ningekukataza, ndiyo. Na wewe ungebisha. Ndipo tungejua."

"Basi na wewe ungekuja kuniuliza mimi, dada, kabla ya kuwauliza watu habari zangu."

Benadetha hakukana. Ignatio akaamua kwamba timu haitavaa tena picha ya mtu yeyote. Benadetha alisema haafiki, maana jezi za bure hazitapatikana tena. Avelina alisema uamuzi huo haumrudishii ufukwe. Wakaondoka, kila mmoja na njia yake.

Uzio bado upo. Mwezi uliofuata walisafiri kucheza Kitai wakiwa na jezi zao kuukuu za njano. Mpira wa kona ulipopigwa, Avelina alipiga kelele, "Dada, nyuma yako!" Benadetha akaruka bila kugeuka, akauondoa kwa kichwa.

Wakati wa kurudi, Avelina aliwahi kiti cha mbele kwenye basi. Benadetha alipita, akamgusa bega, akaenda kukaa nyuma. Simu ya Benadetha ilipoita, alizungumza kwa sauti ya chini, na Avelina akajikuta ametega sikio.