Mstari wa Nne wa Wifi

Miaka ishirini na miwili nimekunja mashuka ya hospitali. Kufua si kazi yangu, kufua hufanya mashine. Mimi na mwenzangu, ambaye kwa wingi wa maneno tulimbandika jina la Redio, tulikuwa wa mezani. Shuka linatoka kwenye mashine ya kukausha likiwa la moto. Yeye anashika pembe mbili, mimi mbili, tunavuta, tunakutana, tunakunja tena, kisha aliyelipokea analipiga kofi moja ili lilale. Mashuka mia tatu kwa siku. Kazi hiyo ukiifanya kimya, akili inaota kutu kabla ya saa nne.

Ndiyo maana tulikuwa na mashairi. Mimi sikusoma, waliosoma ni kaka zangu, lakini vina nilivinyonya kwa mama, mtu ambaye hakuweza kukuita ule bila kukutungia. Nikianza mimi, idara nzima inaitikia. Bwana stoo aliyekuwa akituibia sabuni nilimwimbia:

Bwana stoo umenona, na sabuni zapungua,
Kila ukicheka sana, povu hukutoka pua.

Mpiga pasi alicheka hadi akaunguza koti la daktari. Kesho yake katoni mbili za sabuni zilirudi zenyewe, kana kwamba zilikuwa zimekwenda matembezi.

Hilo lilikuwa la mzaha, fupi. Mashairi yetu ya mezani yalikuwa na mistari mitatu, na wa nne ulikuwa kofi. Hapo mdomo unafungwa, shuka linapigwa, pa! Halafu linakuja jingine. Hakuna aliyekaa akapanga, kazi ndiyo iliyopanga.

Mama alifia hospitali ileile, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Nilipewa siku tatu za kuzika. Siku hizo mashine ilikuwa mbovu, mifuko ya wodi ikarundikana, kwa hiyo niliporudi nilikuta shuka lake likinisubiri. Nililijua kwa kiraka. Nilikishona mwenyewe kwa uzi wa buluu, na ndilo nililomtandikia.

"Niachie hili, nitakunja na mwingine," Redio akasema.

"Shika," nikamwambia.

Maneno yakaja yenyewe:

Nashika pembe ya shuka, nawe shika pembe yako,
Vuta ndugu likinyoka, nijongee kuja kwako,
Alolala katoweka, joto lake bado liko.

Joto lilikuwa la mashine, sote tulijua. Nikapiga kofi, nikaliweka juu ya mengine. Redio ndiye aliyelia.

Sasa wifi yangu. Ni dada wa mume wangu, mwalimu wa sekondari, mtu wa miwani na mkoba. Jumapili moja alikuja na daftari.

"Wifi, haya mambo yako yatapotea bure. Wewe sema, mimi niandike. Jina lako nitaliweka juu kabisa."

"Yatamfaa nani, wifi? Maneno ya wafuaji?"

"Wewe sema tu."

Mume wangu akadakia, "Mwache akusaidie. Kalamu wewe utaijulia wapi?"

Jumapili tatu nilisema huku nikipiga pasi, naye aliandika huku akinywa chai yangu. Nilimpa mashairi thelathini na kitu. Nilimpa na la mama. Nilimweleza kiraka, uzi na kitanda. Alivua miwani akafuta machozi. Machozi hayo nayakumbuka kuliko yote.

Mwaka ulipita. Akaniletea habari kwamba maktaba ya mji inaadhimisha siku ya ushairi, na yeye atasoma. "Njoo na wenzako, wifi. Mtafurahi!" Tukabadilishana zamu, tukaenda wanawake saba, tumejipamba kama wenye harusi. Mlangoni palikuwa na meza ya vitabu vipya, tukaambiwa ndivyo vitakavyosomwa. Nikachukua kimoja, nikampa Redio, maana yeye alifika darasa la saba.

"Nioneshe jina langu."

Akatazama jalada. Akageuza nyuma, akafunua ndani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Redio amezimika.

"Sema basi."

"Ni la wifi yako, dada. Mbele na nyuma."

Tulikaa kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuingia. Wifi akapanda jukwaani, akasema shairi linalofuata ni la mke anayemngoja mume aliyesafiri. Kisha akaanza: Nashika pembe ya shuka. Alipomaliza mstari wa tatu, wenzangu sita waliinua mikono bila kutazamana. Pa!

Ukumbi uligeuka kututazama. Wifi akapaza sauti, akamalizia:

Rudi mpenzi haraka, moyo ungali ni wako.

"Akina mama," mwendesha shughuli akasema, "makofi tutapiga mwishoni."

Redio akasimama. "Mwisho ndio huo, ndugu yangu. Hapo shuka linapigwa. Huo mstari wa nne umetoka wapi? Na mume gani? Aliyekufa ni mama wa huyu hapa!"

Wifi alitabasamu, tabasamu la kumsamehe mwanafunzi.

"Mnaona, wapendwa? Ushairi uko kila mahali, hata kwenye chumba cha kufulia. Huyu ni wifi yangu kipenzi. Kelele zao za kazi ndizo zilizonipa wazo. Wifi, hebu simama wakuone."

Nikasimama. Kila nikikumbuka, hilo ndilo linalonichoma: nilisimama. Wakanipigia makofi, nikakaa.

Nyumbani mume wangu alikuwa amekwisha kupigiwa simu.

"Mmemwaibisha dada yangu mbele ya watu."

"Na mimi je?"

"Si umepigiwa makofi? Unataka nini tena?"

Mwezi huohuo nilijiandikisha darasa la watu wazima, la jioni. Mume wangu alisema kuku mzee hafundishwi kuruka. Nilijifunza herufi kwa hasira, na hasira ni mwalimu mzuri, haibi. Neno la kwanza nililoandika bila kusaidiwa lilikuwa jina langu. Mistari mitatu ya mama niliiandika baadaye, jina nikaliweka chini yake. Karatasi hiyo ninayo. Msomaji wake ni mimi.

Redio amestaafu mwaka huu. Badala yake wameniletea mfanyakazi mpya, mama wa watoto wawili, mchangamfu, mikono myepesi. Wiki ya kwanza tulikunja kimya. Juzi nikaona huyu anafaa, nikaanza la mama. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikainua mkono.

"Rudi mpenzi haraka," akamalizia kwa furaha, "moyo ungali ni wako!"

Mkono wangu ukabaki hewani.

"Umekatiza mapema, dada," akacheka. "Binti yangu analikariri kila siku, liko kwenye kitabu chao cha shule. La yule mwalimu. Kumbe nawe unalijua?"

Nikamtazama. Hakuwa na kosa lolote. Ningeweza kumweleza yote, tangu kiraka hadi jukwaa, naye angesikitika, kisha angerudi nyumbani akamkuta binti yake analikariri vilevile. Shuka lilikuwa linapoa mikononi mwetu.

"Hapo hatusemi kitu," nikamwambia. "Hapo tunapiga kofi."

"Kwa nini?"

"Shika pembe yako. Vuta."