Nafasi Kati ya Moja na Kumi

Mume wangu alikuwa akifundisha hisabati chuo kikuu hapa Dodoma, lakini roho yake ilikuwa kwenye hesabu za watu wa Babeli ya kale, wale walioandika kwenye udongo mbichi kwa ncha ya tete, maelfu ya miaka kabla yetu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Kwa muda mrefu nilichojua kuhusu utafiti wake ni kwamba ulimfanya asahau chai mpaka iote utando.

Macho yalianza kuharibika taratibu. Akawa anajigonga kwenye fremu ya mlango, upande uleule wa kushoto, na lawama zote anamtupia fundi aliyetujengea. Akawa anamwaga mchuzi pembeni ya sahani. Jumapili moja tukiwa tunaenda kanisani hapa Miyuji, bodaboda ilimpita karibu, akaruka kama imechomoka ardhini. Mimi nilikuwa nimeiona tangu mbali. Kesho yake nikamshika mkono mpaka hospitali.

Daktari alikuwa dada mpole, umri kama wa wanafunzi wetu wa zamani. Akasema ni presha ya macho, ile inayokula bila kuuma.

"Tutampa dawa ya matone, na tutamfanyia upasuaji," alisema. "Vyote ni vya kulinda kilichobaki. Kilichokwisha kufa hatuwezi kukirudisha."

"Nitaendelea kusoma?" mume wangu aliuliza.

Daktari akanitazama mimi badala yake. "Tuombe Mungu," akasema.

Upasuaji ulifanyika. Matone nilimtia mwenyewe, asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja. Mwanga ukaendelea kupungua vilevile.

Mama yake alikuja kutoka Chemba kumwona. Alimshika mwanawe uso kwa viganja viwili, akazungumza naye kwa lugha yao, ile yenye vidoko, sauti za kugonga ulimi kinywani, ambayo baada ya miaka yote ya ndoa bado naisikia bila kuielewa. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili.

"Hao watu wa udongo ndio wamemaliza macho ya mwanangu. Na wewe mkwe wangu ulikuwa unaangalia tu."

"Mama, daktari amesema si kusoma. Amesema ugonjwa huu unaweza kutembea kwenye ukoo."

Alivuta khanga mabegani, akatazama sakafu. "Baba yake naye alimaliza siku zake akipapasa kuta," alisema baadaye. "Sisi tulidhani ni uzee." Hakumlaumu mtu tena. Ningefurahi kama angeendelea kunilaumu, maana kulaumiwa kungemaanisha kulikuwa na kitu cha kufanya.

Utafiti wake ulikuwa umefika mahali pa kibao kimoja tu. Kilikuwa kibao cha shule, cha duara, kinene katikati kama andazi, kazi ya mwanafunzi asiyejulikana. Chenyewe kiko kwenye jumba la makumbusho Ulaya. Sisi tulikuwa na picha yake ndani ya kompyuta. Mume wangu alikuwa ameitazama miaka yote hiyo, na sasa haioni.

"Nisomee wewe, mwalimu," alisema.

Akanifundisha mezani, kwa kukandamiza unga wa ngano uliokandwa. Msumari uliosimama ni moja. Pembe iliyolala ni kumi. Hesabu zao zilipanda kwa sitini, si kwa kumi kama zetu, na hawakuwa na alama ya sifuri. Moja ikifuatwa na kumi ni sabini, yaani sitini moja na kumi. Lakini kama kati yake mwandishi ameacha nafasi kwa makusudi, nafasi ile ni daraja tupu, na hesabu inaruka mpaka elfu tatu mia sita na kumi, maana ile moja sasa ni sitini mara sitini. Alichokuwa anatafuta ni hicho tu: je, mtoto yule wa shule aliacha nafasi akijua anachofanya? Kama ndiyo, basi alishika wazo la kitu kitupu chenye kazi, kabla ya kuwa na alama yake.

"Kwenye mstari wa tatu," aliniambia. "Ipo nafasi?"

Nilisogea. Nikakuza picha. Nikaipunguza. Niliona msumari, niliona pembe, na kati yake kitu cheusi kama kivuli.

"Ipo... lakini sijui kama ni nafasi au ni mwandiko tu umetawanyika."

"Linganisha na mstari wa pili."

"Kwenye wa pili alama zimebanana kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Dokta, sijui! Naona, lakini sijui ninachokiona," nilisema, nikimwita kwa cheo chake cha chuo kama nilivyozoea.

Alikaa akiwa ameelekeza uso kwenye mwanga wa kompyuta. Yeye alijua cha kutazama, macho hana. Macho ninayo mimi, na hayakutusaidia chochote. Ningeweza kumwambia "ipo" na angefurahi siku ile. Nilifikiria. Lakini sikuweza kumpa jibu ambalo angelijengea makala nzima.

Tukawaandikia makumbusho kuomba picha nyingine, yenye mwanga wa kutoka pembeni, ili mikwaruzo ionekane vizuri. Ilichukua muda, tukakata tamaa, kisha picha ikaja siku moja ya upepo, vumbi limejaa hadi kwenye vikombe. Nilimwita kutoka uani, akaja akishika ukuta. Nikafungua.

Picha ilikuwa safi, hata punje za udongo zilihesabika. Nikatafuta mstari wa tatu. Msumari, halafu shimo. Kile kivuli kilikuwa shimo. Udongo ulikuwa umebanduka palepale, kati ya moja na kumi, na hakuna ajuaye kama chini yake palikuwa na alama, au nafasi, au hapakuwa na kitu.

Nilimweleza. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Safari hii nilikuwa nao.

"Basi," alisema.

Nikatamani kumpa chochote. "Kuna alama ya kidole pembeni," nikamwambia. "Mistari yake inaonekana kabisa."

Aliinua kichwa. "Kikubwa au cha mtoto?"

Nikaweka kidole gumba changu juu ya kioo, kisha nikakumbuka kwamba picha imekuzwa. "Siwezi kujua," nilisema.

"Ndiyo," akajibu taratibu. "Huwezi."

Makala haikuandikwa. Muhula ule chuo kilimpa mhadhiri kijana wa kufundisha naye darasa moja, na muhula uliofuata kijana akafundisha peke yake. Mama mkwe hupiga simu akiuliza kama dawa inasaidia. Nikisema tunashukuru Mungu, haulizi zaidi. Matone bado namtia. Hulaza kichwa nyuma ya kiti, hufumbua macho kwa nguvu kama nilivyomwelekeza, na dawa ikiingia hunishika kifundo cha mkono mpaka mwasho upoe.