Mashimo ya Habaryar Shamsa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hapa Rhamu, nilifanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze.

Habaryar Shamsa, mdogo wake mama, alikuwa na kishamba mbali na mto, kusikofika maji ya pampu. Alikuwa amefundishwa kuchimba mashimo marefu, kina cha goti: unatia samadi ya mbuzi, unayaacha wazi yanase maji ya mvua, ndipo unapanda mtama. Alichimba peke yake wiki tatu, viganja vikamchubuka.

Ayeeyo, bibi yetu, alipoyaona aliguna. "Astaghfirullah! Kaburi haliachwi wazi. Litamwita mtu."

"Mama, haya yanaita maji," Habaryar akacheka.

Mimi sikucheka. Mdogo wangu mchanga alikuwa na homa kali, na yale mashimo, wallahi, yalimtosha kabisa. Habaryar alipokwenda Mandera kutafuta mbegu, nilichukua jembe wakati watu wamelala baada ya adhuhuri. Udongo ulikuwa pale pale kando. Siku mbili niliyafukia huku nikisoma Fatiha.

Mtoto akapona. Basi nikajiona shujaa, mjinga mimi!

Mvua ikanyesha mara moja tu, ikakatika. Maji yote yakateremka zake hadi mto Daua. Habaryar aliporudi hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake Halima, waliyekuwa wakigombania naye mpaka, akamtukana mbele ya kadamnasi. Halima aliapa kwa jina la Mungu. Nani angemwamini? Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeng'ang'ania nguo ya mama, kimya.

Msimu ule Habaryar hakuvuna hata punje. Akaishia kufua nguo za watu mjini.

Siku hizi mvua ni haba zaidi, na kila mwenye shamba anachimba mashimo kama yale. Kila nikiyaona, uso unaniwaka. Mwaka jana nikajikaza, nikamwambia Habaryar. Nilidhani atanigombeza, au atacheka, maana nilikuwa mtoto na nilimhofia mtoto mwenzangu. Hiyo ndiyo sababu niliyojifichia miaka yote.

Aliuliza tu, "Kumbe Halima aliapa kweli?"

"Ndiyo, Habaryar."

Akajifunika uso kwa shungi lake, akalia. Halima alikuwa ameshafariki.

Woga wangu naweza kuusamehe. Ule ukimya, sijui nimwombe nani radhi.