Homoni Zangu Zilivyoniaibisha Tengeru

Mimi bibi mzima nimejiaibisha kliniki. Nesi alitufundisha kwamba mafuta ya tumboni hutoa homoni za kuuambia ubongo tumeshiba, na mazoezi huufanya uzisikie vizuri. Akatuagiza tutembee kila asubuhi. Mimi nikalala.

Siku ya kupimwa viuno, sikutaka jirani yangu Mama Elisante anishinde. Nikajikaza tumbo kwa kanga, kama wafanyavyo waliotoka kujifungua, nikavaa gauni juu. Futi ikasema nimepungua kuliko wote.

“Ubongo wangu sasa unasikia kila kitu,” nikawaringia wenzangu.

“Basi Bibi, waonyeshe unavyoinama,” nesi akasema.

Nikainama. Fundo likaachia, kanga ikashuka hadi miguuni, tumbo likarudi kwao.

Nesi akaiokota, akaikunja taratibu. “Hongera, Bibi. Umejifungua mtoto gani?”