Ndege wa Midomo Miwili

Kwa miaka kumi na tisa mama mmoja alikaa kwenye kibanda cha tiketi za basi akipokea sarafu mchana kutwa, na humo ndimo macho yake yalimozoea kuona vitu ambavyo wengine hawavioni: tarehe iliyofifia, herufi iliyopinda, ukingo uliopigwa vibaya. Alipostaafu akakodi chumba nyuma ya duka la fotokopi. Akaweka meza, taa, mizani ndogo ya sonara, na kioo cha kukuzia alichokivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Watu wakamwita Mama Lenzi. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wenye sarafu za zamani zina thamani gani, na wengi walioingia wakiwaza nyumba walitoka wakiwaza nauli.

Alikuwa na madaftari mawili. Katika la kijani aliandika bei ambazo watu wanaomba. Katika jekundu aliandika bei zilizolipwa kweli, minadani na kwenye makundi ya simu, pamoja na nani kamuuzia nani. Ukimwambia sarafu fulani inauzwa kiasi fulani, atakuuliza tu, "Nani kalipa?"

Mwaka mmoja ikazuka habari ya ndege. Kulikuwa na sarafu ya kawaida yenye picha ya ndege, na baadhi yake zilitoka kiwandani na kasoro, ndege akaonekana ana midomo miwili. Jamaa mmoja akarekodi video akasema kila moja ni bei ya pikipiki. Wiki haikuisha, mji mzima ukawa unapekua chenji.

Aliyeshikwa na homa hiyo kuliko wote ni mume wa mdogo wake Mama Lenzi, kinyozi mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mteja akikaa kitini anaulizwa kwanza ana nini mfukoni. Kinyozi alinunua mojamoja, bei ikipanda naye akipanda nayo, hadi akafikisha arobaini na mbili. Akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalibeba mpaka kwa Mama Lenzi kama aliyebeba mtoto mchanga.

"Shemeji, hebu nitazamie."

Akazitazama zote, bila haraka. "Ni zenyewe. Ila ziuze wiki hii."

"Niuze? Zimepanda mara tatu tangu mwezi uanze."

"Zimepanda kwenye la kijani. Kwenye jekundu nina mauzo kumi na moja, na tisa kati ya hayo ni watu wawili wanauziana wenyewe kwa wenyewe. Leo huyu anamuuzia yule, kesho yule anamrudishia kwa bei ya juu. Tena mimi pale kibandani ndege hawa niliwapokea kila siku. Si adimu, shemeji. Wamejaa majumbani."

Kinyozi akafunika kopo. "Sema tu roho inakuuma kwa kuwa nimekutangulia."

Akaondoka bila kuaga.

Jioni mdogo wake akapiga simu, sauti iko chini. Mumewe alikuwa ametumia pesa yote ya mabati ya saluni. "Dada, kweli zitashuka?"

"Siku siijui. Lakini zitashuka."

"Basi niziuze mimi. Nimuuzie nani?"

Mama Lenzi akafikiri kidogo. "Usimtwishe mtu asiyejua, utamliza bure. Mpelekee mmoja wa wale wawili. Bei wameipandisha wenyewe, na wakikataa kununua watu watashtuka, bei ianguke. Atanunua tu, hata kama meno yanamuuma. Na mumeo usimwambie kwanza."

Kesho yake, kinyozi akiwa kazini, mkewe alimpelekea mmoja wa wale wawili sarafu zote, akalipwa. Kopo akalijaza nati kutoka kwa fundi baiskeli ili liendelee kugonga likitikiswa. Mabati yalipofika, mumewe akadhani mkewe amepata mkopo wa kikundi chao cha akina mama, na hakuuliza.

Haikufika mwezi. Kila mtu alikumbuka kwamba shangazi yake ana hao ndege bakuli zima, wakamwagika sokoni, bei ikaanguka puu. Yule wa video akaifuta. Kinyozi akajipa moyo siku mbili tatu, kisha akafungua kopo auze walau kwa hasara, akakuta nati.

Aliingia kwa Mama Lenzi na kopo kwapani, mkewe akimfuata nyuma.

"Mke wangu kanigeuka, na wewe ndiye uliyemfundisha."

"Ndiyo, ni mimi," alisema Mama Lenzi.

"Mabati yale ulidhani yameletwa na upepo?" mkewe akauliza.

Kinyozi akasimama pale, akafanya hesabu kwa vidole, uso ukalegea. Lakini hakucheka. "Mngeniambia."

"Ungekubali?"

Akafikiri kwa haki. "Nisingekubali. Lakini mngeniambia."

Mama Lenzi akavua kioo shingoni. Kwenye sarafu hakuwa amekosea, ila hapa alijua amekosea. "La kukuficha lilikuwa wazo langu, si lake. Nisamehe, shemeji."

Kinyozi alinuna siku mbili nzima. Siku ya tatu akaja na kiti chake mwenyewe, akaomba afundishwe kusoma daftari jekundu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, mahesabu yake mabaya zaidi, ila alikuwa na kitu ambacho Mama Lenzi hakuwahi kuwa nacho. Wauza sarafu waliokuwa wakimficha mama huyo bei zao za kweli walikuwa wote wana vichwa vya kunyolewa, na mtu aliyeegemea kitini macho yamefumbwa, wembe uko shingoni, huzungumza bila kuchagua maneno. Kila Jumamosi kinyozi akawa anapita na karatasi ya bei za wiki, na daftari jekundu likaanza kujaa haraka kuliko la kijani.